Je, wajua kwa nini karatasi za babu Mngazija ziko Ufaransa?

Ukiuliza asili za watu Lamu, hukosi nyumba yenye babu aliyetoka Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Habib Swaleh mwenyewe, mwanzilishi wa Msikiti wa Riyadha, alizaliwa huko. Lakini mjukuu anayetaka kuliona jina la babu yake kwenye karatasi ya serikali huelekezwa Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, na kutoka hapo Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa. Ilikuwaje?

Visiwa vya Komoro havikutekwa kwa mkupuo mmoja. Maore (Mayotte) ilichukuliwa na Ufaransa mwaka 1841. Ngazija, Nzwani na Mwali vilibaki na masultani wao hadi 1886, vilipowekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa. Kule Ngazija aliyetia saini ni Sultani Said Ali, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amempa Mfaransa Léon Humblot ruhusa ya kulima ardhi atakayo. Ruhusa ya ajabu hiyo, na wenyeji waliilipia kwa miaka mingi. Kisha sheria ya 1912 ikavifanya visiwa hivyo vitatu navyo koloni, na Komoro yote ikafungwa kwa Bukini, yaani Madagaska. Hadi 1946 faili za Komoro zilikuwa zikienda kwa gavana aliyekaa Antananarivo. Bukini ilipojitawala mwaka 1960, nyaraka za ugavana zikahamishiwa Aix-en-Provence, na za shughuli za kila siku zikaachwa.

Kwa hiyo uliza kwanza babu aliondoka lini. Aliyepanda jahazi wakati wa kusi kabla ya 1886 si rahisi kuwa na faili ya Kifaransa, labda awe mtu wa Maore. Huyo mtafute kwenye hati za kadhi na nasaba zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kama alipitia Unguja, kuna Nyaraka za Taifa kule Kilimani.

Sisi huhesabu bin fulani bin fulani mpaka pumzi zikatike. Ngazija nyumba na mashamba ya manyahuli, yaani mali ya ukoo wa upande wa mama, hurithiwa kwa wanawake, na mzee wa mji kama Ikoni au Mitsamihuli huenda asishughulike na baba wa babu yako. Atakuuliza mamake ni nani. Jina hilo la bibi ndilo la kuliwahi mapema, wazee wangali hai.

Kwenye faili za Wafaransa usimtafute Juma, Yusufu wala Musa. Makarani waliandika Djouma, Youssouf, Moussa. Na akina Saïd Ali wamejaa tele, basi jina lisiende bila mji wake.