"Mwacheni apumzike, mfupa uunge": dhana inayowalaza wazee

"Mfupa haujaunga, tumemwacha apumzike kwanza." Mzee aliyevunjika nyonga yuko wiki ya tatu kitandani, kavalishwa pampasi, uji unaletwa palepale, na wanawe wanayasema maneno haya kana kwamba daktari ndiye aliyeyaandika. Hakuyaandika.

Nyonga hupasuliwa ili mzee asimame mapema. Skrubu, sahani au chuma cha ndani ya fupa la paja kimewekwa kibebe uzito wakati mfupa unaendelea kuunga. Aliyewekewa kiungo bandia hana hata mfupa wa kusubiriwa: kichwa cha fupa la paja kimeshatolewa. Kwa kawaida aliyepasuliwa husimamishwa siku inayofuata upasuaji, isipokuwa daktari ameandika kwenye karatasi ya kuruhusiwa kwamba asikanyagie, au akanyagie kidogo tu. Isomeni hiyo karatasi. Ambaye hakupasuliwa, akavutwa mguu kwa uzito, ana ratiba yake na daktari wake, ila hata yeye huchezesha vifundo vya miguu na kukaza paja akiwa kitandani.

Siku 10 za kulala tu zinaweza kumpunguzia mzee mwenye afya, asiyevunjika popote, karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni. Ongezeni vidonda vya makalio na visigino, nimonia, damu kuganda. Huko ndiko "kupumzika" kunakompeleka.

Zoezi la kwanza ni kukaa na kusimama. Kiti kiwe kigumu, chenye mikono, na kimo chake kilingane na goti lake au kizidi kidogo. Sofa la kuzama halifai. Asogee ukingoni. Mguu mzima, yaani usioumia, aurudishe nyuma kidogo, ulioumia utangulie mbele. Asukume mikono ya kiti (asivute fremu, kile chuma cha miguu minne cha kutembelea, itampindukia), ainamishe kifua mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo ainuke. Mara 5, apumzike, mara 5 tena, asubuhi, mchana na jioni. Akifika 10 bila kutetemeka, apunguze kuegemea mikono. Wengi huinuka vizuri, kisha hujibwaga. Zoezi limeharibika hapo, maana kushuka polepole nako hujenga paja.

Msimnyanyue kwa kumvuta kwapani, mtamuumiza bega. Kunjeni kanga iwe nene, mfungeni kiunoni, msaidizi asimame upande wa mguu ulioumia na kuishika kanga kwa nyuma.

Na pampasi ya mchana itolewe! Safari 5 au 6 za chooni kwa siku nazo ni mazoezi, hata kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo anakuja mara 2 kwa wiki. Kama choo ni cha kuchuchumaa, wekeni juu yake kiti imara cha mbao kilichotobolewa katikati. Cha plastiki miguu hutanuka na kuteleza penye maji. Ndala nazo ziwekwe kando, avae kiatu kinachoshika kisigino.

Mkongojo hushikwa upande wa mguu ulioumia? Hapana, mkono wa upande mzima. Ngazini, kupanda utangulie mguu mzima, kushuka ule ulioumia. Fremu nayo ina kipimo: akisimama wima mikono ikining'inia, vishikio vifike kwenye kifundo cha mkono, na mipira ya chini ikilika ibadilishwe.

"Akiumia tunaacha." Paja kuuma baada ya mazoezi na kutulia baadaye ni kawaida. Mpeni dawa ya maumivu aliyoandikiwa, saa moja kabla ya kuanza.

Kuchua hakuungi mfupa. Mafuta ya kulainisha ngozi hayana ubaya, lakini shavu la mguu likivimba, likawa na joto na kuuma, asiliguse mchuaji yeyote: huenda damu imeganda, na bonge likipanda mapafuni huua. Hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kidonda kikitoa usaha, au mguu ukifupika ghafla na kugeukia nje huku mzee akishindwa kabisa kuukanyagia. Hapo msimsimamishe, alazwe, abebwe.