Chumvi ya Jikoni Haitengenezi Maji ya Bahari

Umekuwapo kwa muda mrefu ujumbe unaozunguka katika makundi ya wafugaji wa samaki wa mapambo, ukidai kwamba tangi la maji baridi lenye mimea hugeuka kuwa la matumbawe likitiwa chumvi ya jikoni. Dai hilo si kweli.

Lita 1 ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina nyingi, na ndani yake mna kama miligramu 400 za kalsiamu, ambayo bila hiyo tumbawe gumu haliwezi kujenga mifupa yake; chumvi ya jikoni ni karibu yote kloridi ya sodiamu.

Kinachowachanganya watu ni haidromita, kifaa kinachoelea cha kupimia uzito wa maji ukilinganishwa na maji safi, ambacho huweza kuonyesha 1.025 katika maji ya bahari na katika maji yaliyotiwa chumvi ya jikoni, kwa kuwa hupima uzito wa maji tu. Anayetaka uhakika apime kalsiamu kwa dawa ya matone, akihesabu matone hadi rangi ya maji ibadilike. Tena, mimea na samaki wengi wa maji baridi, viumbe wasio na kosa, hufa katika chumvi nyingi kiasi hicho.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, na umweleze kwa upole aliyekutumia.