Je, wajua kwa nini wimbo wa imani wa roki ya progresivu huchukua dakika 20?

Swali hili nilikuwa na jibu lake tayari, na lilikuwa kosa. Niliamini kwamba wanamuziki wa roki ya progresivu, ule muziki uliokolea Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970 wenye vinanda vingi na mapigo magumu kuhesabu, hurefusha nyimbo ili kuonyesha wepesi wa vidole. Na anayemwimbia Mungu, nikawaza, maonyesho ya nini? Pambio la dakika 3 linatosha kumliza mtu kanisani.

Nilikuwa nahesabu dakika bila kusikiliza kinachotendeka ndani yake. Majivuno yapo, sikatai. Zipo nyimbo ambazo ukizipunguza nusu hakuna kinachopotea. Lakini chukua "Supper's Ready" ya kundi la Genesis, iliyotoka mwaka 1972 katika albamu ya Foxtrot. Ina dakika 23 hivi na sehemu 7, na inachota katika kitabu cha Ufunuo, hasa sura ya 19, malaika aliyesimama katika jua anapoita: "Njoni mkutane kwa karamu ya Mungu iliyo kuu." Huo ukiupunguza nusu, umeuua.

Sikiliza karibu na dakika ya 4. Inaingia tuni pana, ya fahari, na anayeimbwa ni mtu anayejinadi kuwa anatoa hifadhi ya milele kwa dhamana. Mwimbaji Peter Gabriel aliwaandikia watazamaji maelezo ya wimbo, na humo anasema wazi kwamba madai ya mtu huyo ni uongo. Kisha tuni inatoweka. Vinapita vita, unapita mzaha, inapita mitetemo ya kinanda. Baada ya dakika ya 20 tuni ileile inarudi, na sasa imembeba malaika wa kwenye jua na Yerusalemu Mpya. Noti hazikubadilika. Mwanzo zilikuwa za tapeli. Sasa ahadi ni ya kweli.

Aliyesoma mashairi yetu anaijua kazi hii: ni kibwagizo. Mshororo ni uleule, ila beti zinazoutangulia huufanya useme jambo jingine. Tofauti ni kwamba kibwagizo hurudi kila ubeti, kwa hiyo sikio hukaa likikingoja. Hapa sikio limeshaacha kungoja. Ndugu uliyeagana naye asubuhi akirudi jioni utamkaribisha chai. Akirudi baada ya miaka 20 utatoka mbio hadi barabarani bila viatu. Zile dakika za katikati ndizo miaka yake ya ugenini. Wimbo mfupi hauna nafasi ya kukusahaulisha, na usiposahau hakuna wa kumpokea.

Tena kabla ya kukurudisha wanakupoteza makusudi. Jaribu makofi haya: moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili-tatu-nne, kisha rudia bila kusita. Ni mapigo 9 kwa kila mzunguko. Juu yake kinanda cha Tony Banks, mpiga kinanda wa Genesis, kinakwenda kwa hesabu yake chenyewe, na mguu haupati pa kutua. Hapo ndipo inapotajwa 666, ile hesabu ya mnyama wa Ufunuo. Baada ya msukosuko huo, tuni ya zamani inakuja kama ardhi ngumu.

Hata hivyo, kuchota katika Ufunuo hakuwafanyi Genesis kuwa wainjilisti, na mimi nisingeuita wimbo huu ushuhuda. Ushuhuda wenyewe uko kwa Mmarekani Neal Morse, aliyeliacha kundi lake la Spock's Beard mwaka 2002 kwa sababu ya imani yake. Mwaka uliofuata alitoa albamu iitwayo, kwa neno la Kiingereza, Testimony, yaani ushuhuda: CD 2, zaidi ya saa 2, maisha yake tangu kuhangaika hadi kuokoka. Miongoni mwa wageni waliopiga humo yumo Kerry Livgren, aliyekuwa mpiga gitaa wa kundi la Kansas, ambaye naye aliokoka mwaka 1979 akiwa katikati ya umaarufu.

Mapema katika albamu hiyo kuna utangulizi wa vyombo vitupu. Wengi huuruka ili wafike kwenye maneno. Usiuruke: tuni zinazopita pale bila maneno zinarudi mbele zikiwa nayo, na wakati Morse anaanza kuziimba, wewe tayari unazijua.