Kuchagua inseti za kabaidi zenye mpako kwa feleji iliyokomazwa: dhana potofu na ukweli

Kalibu za kumiminia alumini kwa shinikizo hutengenezwa mara nyingi kwa feleji ya H13, ambayo ikishakomazwa kwa moto hufikia ugumu wa takriban 44 hadi 52 katika kipimo cha Rockwell C. Fundi anayeichonga ikiwa tayari katika ugumu huo kwa mashine ya milingi, yaani ile inayozungusha kifaa chenye meno ya kukatia, hupoteza inseti nyingi: vipande vidogo vya kabaidi (mchanganyiko mgumu wa tungsteni na kaboni) ambavyo hufungwa kwenye kifaa kama meno na kubadilishwa vikilika. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya hasara hiyo huanzia dukani, kwa sababu ya imani zilizozoeleka kuhusu mipako.

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba inseti ya rangi ya dhahabu ndiyo bora. Rangi hiyo ni ya titani nitridi, mpako mzuri kwa kazi nyingi za kawaida, lakini huanza kuharibiwa na oksijeni joto linapokaribia nyuzi 600 za Selsiasi, na makali yanayokata feleji iliyokomazwa hupita kiwango hicho kwa urahisi. Isitoshe, watengenezaji wengine huuweka juu ya tabaka nyingine ili tu fundi atambue haraka ni kona ipi imekwisha kutumika. Mpako wa nitridi ya titani na alumini, ambao kwa kawaida huwa na rangi ya kijivu cheusi au zambarau iliyokolea, hustahimili takriban nyuzi 800 hadi 900, kwa kuwa alumini iliyomo huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba unaoyakinga makali. Hata hivyo, rangi peke yake si uthibitisho wa chochote. Kinachopaswa kusomwa ni maandishi ya kwenye kisanduku: mfumo wa ISO 513 hutumia herufi H na rangi ya kijivu kwa nyenzo zilizokomazwa, ilhali herufi P yenye rangi ya buluu, ambayo wengi huichukua kwa kuwa wanachonga feleji, imekusudiwa feleji ambayo haijakomazwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba mpako ukiwa mnene zaidi utadumu zaidi. Mipako minene kwa kawaida huwekwa kwa mvuke wa kikemikali katika joto la karibu nyuzi 1,000, na inseti inapopoa mpako husinyaa kuliko kabaidi iliyo chini yake, hivyo hubaki umevutika na kuwa na nyufa ndogo sana. Mipako inayowekwa kwa njia ya kifizikia, katika joto la karibu nyuzi 500, huwa na unene wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu, hubaki imebanwa, na inaweza kufunika makali yaliyo makini bila kuyafanya butu. Katika milingi, ambapo kila jino hugonga chuma, hukata, hutoka na kurudi tena mara nyingi kwa dakika, mpako uliobanwa huzuia ufa usianze, na kwa feleji iliyokomazwa ndio ninaoupendekeza. Mpako mnene una nafasi yake katika kukereza kwa mfululizo na katika kuchonga chuma cha kutupwa.

Dhana inayoharibu inseti nyingi zaidi, hata zile zilizochaguliwa vizuri, ni kwamba maji ya kupoozea ni ya lazima kila mara. Jino likiwa ndani ya chuma hupata joto kali. Likitoka na kumwagiwa maji hupoa ghafula, na mzunguko huo hutoa nyufa zinazokata ukingo wa makali kwa wima, zikijipanga kama meno ya kitana, hadi vipande vilivyo kati yake vinapong’oka. Ukichonga pakavu, joto la makali huwa juu lakini halipandi na kushuka kwa kiasi kikubwa hivyo, na sehemu kubwa ya joto huondoka pamoja na maranda. Kinachohitajika ni hewa yenye shinikizo ya kuyapuliza maranda hayo yasirudi chini ya jino, kwa sababu nayo ni magumu na yakikatwa tena huvunja makali. Ushauri huu usihamishiwe kwenye titani au aloi za nikeli, ambazo kwa kawaida huhitaji kupoozwa.

Kuhusu kabaidi yenyewe, ngumu kupita zote si lazima iwe bora. Kobalti, metali inayoshikanisha chembe za kabaidi, ikipungua ugumu huongezeka, lakini makali humeguka upesi yakigongwa, hasa pale shina la kifaa linapochomoza sana na kutetemeka. Kabaidi ya chembe zilizo chini ya mikroni moja, yenye makali yaliyolainishwa kidogo ukingoni, huleta uwiano unaofaa.

Tena, fundi mwenye hofu hupunguza mlisho, yaani umbali ambao kifaa husogea kwa kila jino linalokata, ili kuihifadhi inseti, na matokeo yake huwa kinyume. Chukua inseti ya duara yenye kipenyo cha milimita 12 na kina cha kukata cha milimita 0.5: unene mkubwa kabisa wa maranda huwa takriban asilimia 40 ya mlisho wa jino. Mlisho wa milimita 0.1 hutoa maranda ya milimita 0.04 tu, na ukiupunguza zaidi, makali husugua badala ya kukata, joto huongezeka na mpako hulika. Kwa maranda ya milimita 0.08, mlisho unapaswa kuwa 0.2.

Mwisho, boroni nitridi ya kyubiki, nyenzo ya kukatia iliyo ngumu kuliko kabaidi, hutajwa kana kwamba imeifuta kabaidi kabisa. Nyenzo hiyo hufanya vizuri sana katika kukereza kwa mfululizo feleji yenye ugumu wa 55 na zaidi, lakini bei yake ni kubwa mno na haivumilii mapigo kama kabaidi. Kwa kalibu ya H13 yenye ugumu wa 50, sioni sababu ya kuinunua kabla ya kusafisha viti vya inseti na kupima kama meno yote yako sawa, maana jino moja likichomoza kuliko mengine, ndilo litakalobeba mzigo mkubwa na kuvunjika kwanza, liwe la nyenzo yoyote.