Muulize Kwanza Mbwa Anaitwa Nani: Picha Nyeusi na Nyeupe za Wanaolala Nje na Wanyama Wao

Picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga kwenye kazi hii haina uso wa mtu. Kuna mkono, ngozi imepasuka kwa baridi, vidole viwili vimezama nyuma ya sikio la mbwa mweusi na mbwa kafumba macho. Basi. Nilipomuonyesha mwenye mkono akacheka, akasema hapo hapo ndo anapopenda kukunwa, na mi nikajua nimepata kitu ambacho kwa miaka nilikua nakipita, kwasababu miaka hiyo yote nilikua natafuta nyuso zenye huzuni na mbwa nilimuweka kwenye fremu ili anayeangalia azidi kuona huruma.

Sasa hivi nakataa kabisa kupiga hivyo. Mtu anayelala nje akiwa na mbwa ni mlezi, ana kiumbe kinachomtegemea kwa chakula, maji, joto na usalama, na siku yake nzima inapangwa kwa kumfikiria huyo mnyama. Mwanasosholojia Leslie Irvine wa Chuo Kikuu cha Colorado aliwahoji watu wengi wanaoishi hivi na wanyama wao, kazi yake ikatoka 2013, na alichokikuta ndicho ninachokiona kila nikitoka na kamera: mnyama anakula kwanza, mtu anafuata. Halafu kuna lile swali ambalo watu huuliza, kwanini asiende kulala kwenye makazi ya dharura? Makazi mengi ya dharura hayapokei wanyama. Kwahiyo analazimishwa kuchagua kati ya kitanda na mbwa wake, na yeye anachagua mbwa. Ukishalielewa hilo huwezi tena kumpiga picha kama mtu aliyeshindwa maisha, maana umemkuta kwenye uamuzi mgumu kuliko mingi tunayofanya sisi tulio na mlango wa kufunga.

Ndo maana rangi nyeusi na nyeupe inanipa kazi mbili. Inasaidia, kwa sababu inaondoa kelele zote za barabarani, mabango, mifuko ya plastiki, koti la njano la mtu anayepita nyuma, unabaki na toni na mguso tu, ngozi na manyoya. Lakini inaharibu pia, na hapa naomba unisikilize vizuri. Ukipandisha kontrasti, yaani tofauti kati ya weusi na weupe, na ile slaida (kile kitufe cha kusogeza kwenye programu ya kuhariri picha) ya kukoleza vitu vidogo vidogo, kila mkunjo unakua mfereji na kila kivuli kwenye ngozi kinageuka uchafu. Mtu amenawa uso asubuhi ile ile, wewe umempaka masizi kwa kompyuta! Nimeona picha nyingi za namna hiyo zikisifiwa, na naelewa kwanini zinavutia macho, ila zinasema uongo. Kwangu kama toni ya ngozi haifanani na nilivyoiona kwa macho basi nimekosea, narudi mwanzo.

Tuje kwenye mwanga, maana hapa ndo wengi wanaharibu. Kipima mwanga cha kamera hakijui kama kinaangalia mbwa mweusi au ukuta, chenyewe kinataka kila kitu kiwe kijivu cha kati, kile kinachoitwa kijivu cha asilimia 18. Ukimpima mbwa mweusi kamera inaongeza mwanga mpaka anakua kijivu kama jivu, na uso wa mwenye mbwa ukiwa kwenye mwanga unaungua unakua mweupe tu. Ukimpima mbwa mweupe inapunguza, anaonekana mchafu. Mi nafanya hivi: kama natumia filamu napima manyoya yenyewe kwa karibu halafu napunguza stopu mbili (stopu moja ni kupunguza mwanga nusu au kuuongeza mara mbili), yaani mwanga unakua robo ya ule kamera iliyoutaka, hapo weusi unabaki weusi lakini bado unaona unywele mmoja mmoja. Mbwa mweupe ni kinyume chake, naongeza kama stopu mbili. Hii sio siri yangu, ni mfumo wa kanda (Zone System), njia ya kugawa toni kutoka nyeusi hadi nyeupe, waliouunda wapigapicha Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer karibu mwaka 1940, wao wakiwaza zaidi mandhari na studio lakini unafanya kazi vizuri tu kwa mbwa aliyelala kwenye kadibodi. Kwa kamera ya dijitali naogopa zaidi sehemu nyeupe kuungua kuliko vivuli kuzama, kwahiyo naangalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kamera, upande wa kulia ambako ndiko kwenye weupe, napiga faili ghafi (RAW), vivuli navifungua baadaye taratibu.

Filamu yangu ni Tri-X, ile ambayo Kodak waliitoa kwa kamera za milimita 35 mwaka 1954, siku hizi ni ya aiso 400 (ISO, kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga), na mwanga ukipungua naipiga kama ya 1600 na kuongeza muda kwenye dawa. Chembe zinakua kubwa, kontrasti inapanda, vivuli vinapotea kidogo. Kwa mbwa mweusi usiku sifanyi hivyo, atageuka shimo.

Kitu kingine ambacho sijaona wengi wakikisema, slaida ya rangi ya chungwa. Ukibadilisha picha ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe kwenye programu, unapata slaida za kila rangi, na ngozi za binadamu, iwe nyeusi tii au nyeupe, karibu zote ziko kwenye eneo la chungwa na nyekundu. Sasa mbwa wa kahawia au paka mwekundu naye yuko hapo hapo! Ukiisogeza hiyo slaida ili ung'arishe uso, manyoya nayo yanang'aa, mkono unapotelea mgongoni mwa mbwa, ule mguso uliokuja kuutafuta umefutika. Suluhisho ni kutenganisha, chagua eneo la mkono peke yake na eneo la manyoya peke yake, yapishanishe mwanga kidogo tu, mkono uwe juu nusu stopu hivi. Kidogo tu, ukizidisha mkono unaonekana umebandikwa.

Fleshi sipigi. Nyuma ya jicho la mbwa na la paka kuna tabaka linalorudisha mwanga, ndilo linalowasaidia kuona gizani, na fleshi ikiligonga macho yanakua sahani mbili nyeupe, kwenye picha isiyo na rangi mnyama anaonekana zimwi. Halafu unamshtua mtu ambaye tayari halali vizuri. Mwandishi wa habari na mpigapicha Jacob Riis aliingia kwenye vyumba na maficho ya maskini wa New York mwishoni mwa miaka ya 1880 na unga wa fleshi, kitu kipya wakati huo, watu wakaamshwa usiku na mlipuko wa mwanga na moshi. Picha zake zilisaidia kubadilisha sheria za nyumba, hilo siwezi kumnyima, lakini ukiziangalia nyuso zile unaona watu walioingiliwa.

Kimo. Kaa chini. Ukipiga umesimama unawatazama wote wawili kutoka juu, na anayekuja kuiona picha naye atawatazama kutoka juu. Mpigapicha Elliott Erwitt alilijua hili kwa mbwa kuliko mtu yeyote, ile picha yake ya New York ya 1974 yenye chihuahua mwenye kofia, buti za mwanamke na miguu ya mbwa mkubwa sana, imepigwa chini kabisa, na dunia inakua ya yule mbwa mdogo. Mi natumia lenzi ya milimita 35, inanilazimisha niwe karibu kiasi cha kuongea bila kupaza sauti. Lenzi ndefu inakufanya mwindaji. Mwingereza Lee Jeffries, anayejulikana kwa picha za nyuso za watu wasio na makazi, alianza na kosa hilo hilo London mwaka 2008, alimpiga picha kwa mbali msichana aliyekua kwenye begi la kulalia, msichana akamuona akamfokea, na badala ya kukimbia akaenda akakaa naye wakaongea. Uchakataji wake ni mzito kwa ladha yangu, lakini kitendo kile cha kuvuka barabara nakiheshimu sana.

Basi unamkaribia vipi mtu mwenye mbwa? Kamera iwe imeshuka, imezimwa. Njoo kwa pembeni, sio uso kwa uso, maana kwa mbwa lenzi ni jicho kubwa linalomkodolea, na kukodolewa ni ugomvi. Ongea na mtu kwanza. "Kaka samahani, huyu anaitwa nani?" Swali hili linafungua mambo kuliko salamu yoyote, kwasababu watu wengi wanapita hapo siku nzima bila hata kumtazama na wewe umeuliza kuhusu anayempenda. Halafu muulize na jina lake yeye. Mpigapicha Dorothea Lange alipompiga picha yule mama mchuma mazao kule Nipomo, California mwaka 1936 picha ikazunguka dunia nzima, na mama mwenyewe alipokuja kujulikana 1978 alisema anatamani asingepigwa picha ile, hakuulizwa hata jina na hakupata hata senti kutokana nayo. Kila nikiwa na haraka namkumbuka.

Mbwa akipiga miayo, akilamba pua mara kwa mara, akigeuza kichwa huku weupe wa jicho unaonekana, akikakamaa, acha. Hajisikii vizuri, na kazi yake mara nyingi ni kumlinda mwenzake akilala, ukimsogelea unamweka kwenye hali ya kung'ata, na mbwa aking'ata mtu anaweza kuchukuliwa moja kwa moja, yaani umemnyang'anya mtu familia yake kwa ajili ya picha. Waliolala siwapigi picha kabisa, hata kama mwanga ni mzuri namna gani na mbwa kalaza kichwa kifuani, mtu aliyelala hawezi kukwambia hapana. Paka ni hadithi fupi zaidi, wengi wako ndani ya koti au begani na mlio wa shata, ule mlio wa kamera inapopiga, unawashtua, washa shata ya kimya tu usubiri.

Akikubali, bado uliza picha itaenda wapi. Wapo waliokimbia watu waliokua wakiwapa kipigo, wapo ambao familia zao hazijui wanaishi nje. Mi nafuta GPS na data zote za faili kabla ya kuweka mtandaoni, na sitaji kona wala daraja. Pia naangalia picha yenyewe, kama kamba ya mbwa inaonekana imekaza au mbavu zinatokeza kwa sababu ya pembe ya mwanga naiacha, maana wapo watu wataona wataripoti kwamba mnyama anateswa, wakati huyo mbwa kala kumshinda mwenye mbwa. Kwa yule anayehitaji daktari wa mifugo nabeba namba za huduma za bure zinazofika mitaani, Uingereza wapo StreetVet, na naziandika kwenye karatasi sio kwenye simu, simu haina chaji.

Na picha lazima irudi. Nachapa ndogo ya kuingia mfukoni, naifunika kwa plastiki kwasababu hana pakavu pa kuiweka. Kuna mwanamke alinitafuta miezi mingi baadaye, mbwa wake alikua amekufa na ile picha alikua ameivua plastiki ili aishike vizuri, mvua ikaiharibu. Negativu nilikua nayo. Aliniomba nichape moja, nikachapa tatu, na kwenye ile ya tatu nilikata fremu nikaacha kichwa cha mbwa na goti lake yeye tu, akaichagua hiyo akairudishia plastiki mwenyewe.