Punguzeni sabuni, na acheni kuisubiri Jumamosi

Swali limekuja tena, na safari hii nalijibu kwa maandishi ili siku nyingine nimtumie mtu kiungo nikae zangu kimya. Swali lenyewe huja hivi: "Napiga deki kila Jumamosi, sabuni naweka ya kutosha, lakini Jumatatu haijaisha sakafu imeshafubaa. Niongeze sabuni gani?"

Hakuna ya kuongeza. Punguza. Na hiyo Jumamosi nayo tutaizungumza.

Kazi yangu ni usafi wa majengo, pamoja na kuwafundisha wanaoanza kazi hiyo. Karibu wote huja na imani ileile waliyotoka nayo nyumbani: usafi wa sakafu ni maji, maji lazima yawe na povu, na povu likishapita mara moja kwa wiki deni limelipwa. Imani hii ina nguvu kwa sababu sakafu iliyotoka kudekiwa inang'aa na kunukia. Inang'aa kwa kuwa ina maji juu yake. Subiri ikauke ndipo uniambie.

Tuanze na uchafu wenyewe. Sehemu kubwa ya kinachochafua sakafu ya nyumba ni kitu kikavu: mchanga na udongo wa viatuni, nyuzi za nguo na matandiko, nywele, makombo, vumbi. Kikavu huondolewa kikiwa kikavu. Ukikimwagia maji umetengeneza tope, na dekio halizoi tope, linalitandaza. Linalisukuma hadi kwenye viungio vya vigae, ambavyo ni saruji yenye vitundu, tope likaingia humo na kukaa. Halafu mtu analalamika kwamba mistari ya vigae vyake imekuwa myeusi na "haitoki". Itatokaje wakati kila Jumamosi unailisha?

Mchanga una ubaya mwingine. Mwingi wake ni madini ya kwatsi, ambayo ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10. Kioo cha dirisha ni kama 5.5, na marumaru halisi ya mawe ni kama 3 tu. Vanishi ya mbao sihitaji hata kuitaja. Kwa hiyo chembe ya mchanga ikiwa chini ya soli, kila hatua unayopiga ni msasa. Ule ufifi unaouona kwenye njia ya kutoka mlangoni hadi jikoni mara nyingi hauko juu ya sakafu, ni sakafu yenyewe iliyokwaruzwa, na hapo hakuna sabuni itakayosaidia. Ndiyo maana nasema kufagia ndiyo kazi yenyewe, na deki ni umaliziaji.

Sasa sabuni, maana hapa ndipo ninapokosa usingizi.

Chembe ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Huo wa pili unashika mafuta ya sakafuni, wa kwanza unayavuta yaingie kwenye maji. Vizuri sana. Lakini maji hayo yenye mafuta na sabuni ndani yake lazima yatoke sakafuni! Kwenye vyombo unasuuza. Kwenye nguo unasuuza, tena zaidi ya mara moja. Sakafuni unapitisha dekio lililolowa chepechepe, unafungua dirisha, unaenda kukaa. Maji yanaruka hewani. Sabuni hairuki, wala mafuta iliyoyashika. Vyote vinabaki pale pale kama utando mwembamba unaonata kidogo, na utando huo unakamata kila vumbi linalotua na kila alama ya unyayo. Jumatatu sakafu imefubaa. Jumamosi unaongeza sabuni. Utando unanenepa. Mtu anaweza kuendelea hivyo miaka na miaka huku akiilaumu rangi ya vigae.

Huhitaji kuniamini. Fagia chumba vizuri, kisha kidekie kwa maji ya vuguvugu matupu, bila chochote ndani. Tazama ndoo baada ya kusuuza dekio mara mbili tatu. Ukiona povu, hiyo ni sabuni ya wiki zilizopita inakusalimia. Nimewaonyesha watu jambo hili na wengine hukasirika kabisa, wakidhani ndoo ilikuwa chafu. Basi osha ndoo, rudia.

Kama maji yako ni magumu, yaani yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, mambo yanakuwa mabaya zaidi ukitumia sabuni ya kweli, ile inayotengenezwa kwa mafuta. Inaungana na madini hayo na kufanya utando mweupe usioyeyuka. Sabuni nyingi za maji za viwandani hazina tabia hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini nazo huacha mabaki zikizidi. Kipimo kiko nyuma ya chupa. Aliyeandika pale ana faida ukitumia nyingi, na bado amekuandikia kidogo. Hilo pekee lingetosha kukufikirisha.

Mwaka 1959 mkemia Mjerumani, Herbert Sinner, aliueleza usafi kwa mambo manne: kemikali, nguvu ya kusugua, joto na muda. Ukipunguza moja, lazima ufidie kwa jingine. Wanaoniuliza maswali wanalijua moja tu, kemikali, na lililosahaulika kabisa ni muda. Doa la mafuta lililoganda karibu na jiko: weka tambara lililoloweshwa maji ya sabuni juu yake, nenda kafanye jambo jingine kwa dakika chache, rudi ulifute. Muda hauuzwi dukani, labda ndiyo sababu hakuna anayeutangaza.

Haya, wiki.

Kwanza futeni wazo la "siku ya sakafu". Nyumba haichafuki kwa usawa, basi kwa nini isafishwe kwa usawa? Mimi napanga kwa kufuata miguu. Kuna njia: mlangoni, kwenye korido, jikoni, mbele ya makochi. Kuna sehemu za kawaida za vyumba. Na kuna kusikokanyagwa: uvunguni, nyuma ya kabati. Njia nazifagia kila siku, na ni kazi ya dakika chache kwa kuwa ni ukanda mwembamba, si nyumba nzima. Nazidekia mara mbili kwa wiki. Vyumba nafagia mara mbili, deki mara moja. Uvunguni nafagia mara moja kwa wiki, na deki inangoja siku nitakayosogeza vitu.

Namba hizo zisikupe presha. Ni mazoea yangu, hazina utakatifu wowote. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au mnyama anayepukutisha manyoya itataka zaidi. Mtu anayeishi peke yake na kushinda kazini anaweza kuzigawa kwa mbili na asione tofauti. Majedwali mazuri ya ratiba za usafi huandikwa na watu wasioijua nyumba yako, mimi nikiwamo. Kipimo cha kweli ni tambara jeupe lenye unyevu: pitisha sakafuni, litazame. Likibaki safi, leo usideki. Ndiyo, nimesema usideki. Sakafu safi unayoilowesha kwa sababu tu ni siku yake unaiongezea utando bure.

Kuigawa deki katika siku tofauti kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Anayedeki nyumba nzima Jumamosi huwa na ndoo moja na haraka. Akifika chumba cha mwisho, maji yamebeba uchafu wa vyumba vyote vilivyotangulia, naye anakipaka chumba hicho kwa moyo mkunjufu. Jikoni siku moja, sebuleni siku nyingine, vyumba vya kulala siku ya kubadili mashuka (baada ya kubadili, tafadhali, maana mashuka yanapokung'utwa huangusha vumbi na nywele chini): kila mahali panapata maji mapya na mgongo wako unapumzika. Usipokiona tena kitako cha ndoo kupitia maji, maji yameshakufa. Mwaga.

Vitabu vya fani yangu vinasisitiza ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia dekio. Kwenye jengo la ofisi sikubali mtu afanye vinginevyo. Nyumbani, nina mashaka. Kwa chumba kimoja kidogo, kubadili maji mara moja katikati kunafikia lengo lilelile, na hata vitambaa vitatu vinne safi vinavyobadilishwa kimoja baada ya kingine hufanya kazi hiyo, pengine vizuri zaidi, kwa kuwa kitambaa kilichochafuka hakirudi tena kwenye maji safi. Anayetaka kunirekebisha anakaribishwa, ila asije na jedwali.

Utaratibu wenyewe nitaupitia haraka. Futa vumbi la juu kwanza, la feni, rafu na meza, ndipo ushuke chini. Fagia kwa mikwaju mifupi bila kurusha ufagio juu, vinginevyo unahamisha vumbi tu. Kamua dekio mpaka lisidondoshe tone. Anza kona ya mbali ukirudi nyuma kuelekea mlangoni, mkono ukienda huku na huku, kila mpigo ukigusa ukingo wa uliotangulia. Chagua saa ambayo hakuna atakayepita: usiku watu wakilala, au asubuhi unapotoka. Ukimaliza, suuza dekio kwa maji safi, likamue, litundike mahali penye hewa. Dekio lililoachwa kwenye ndoo ya maji machafu hadi kesho yake linanuka kwa sababu ya bakteria waliozaliana humo usiku kucha, na kesho unakwenda kuwagawa chumba kwa chumba.

Jambo la pili linalonikera ni dawa ya kuua vijidudu. Watu wanamimina klorini, ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, kwenye kila ndoo ya deki, kila siku, sebuleni! Klorini ikikutana na uchafu inaishia kupambana na uchafu huo, nguvu yake inakwisha kabla ya kufikia vijidudu. Ili ifanye kazi, sakafu lazima iwe imeshasafishwa, kisha dawa ikae juu yake ikiwa bado imelowa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Nani anangoja? Anapitisha, anafuta, ananusa, anaridhika. Kwa maoni yangu klorini ya kila siku sebuleni inasafisha dhamiri kuliko sakafu. Chooni, sawa. Mgonjwa ametapika, sawa kabisa, tena ufuate maelekezo. Lakini kamwe usiichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi, maana unapata gesi ya klorini. Wala na kitu chenye amonia, maana unapata gesi nyingine, kloramini. Zote mbili huumiza mapafu, na bafuni ni chumba kidogo. Hapa sina utani.

Tukiwa kwenye siki: ushauri wa "weka siki kwenye maji ya deki" unazunguka sana, nao unaharibu sakafu za watu. Marumaru ya mawe ni kalsiamu kabonati, teraso ina vipande vya marumaru ndani ya saruji, na asidi huvila vyote viwili. Alama inayobaki hapo si uchafu, ni jiwe lililoliwa, na dawa yake ni kung'arishwa upya kwa mashine. Kigae cha kauri kitavumilia, viungio vyake havitafurahi. Mbao nazo zina adui mwingine: maji. Yanaingia kwenye maungio, mbao inavimba, kingo zinainuka. Kwa mbao, tambara liwe na unyevu tu, na doa la maji lifutwe papo hapo, siku yoyote ile.

Kitu cha bei nafuu kuliko vyote nilivyotaja ni mkeka wa mlangoni. Weka wa manyoya magumu nje wa kukwangua, na unaonyonya maji ndani, uwe mrefu wa kutosha hatua mbili tatu. Kisha uukung'ute! Mkeka uliojaa mchanga unaugawa mchanga kwa kila anayepita. Mkivua viatu mlangoni, kazi ya wiki nzima inapungua kuliko dawa yoyote itakavyokufanyia.

Na kwa wale ambao sakafu zao tayari zina utando: usiukwangue kwa nguvu siku moja. Kwenye kila zamu ya deki tumia maji ya vuguvugu matupu, ukiyabadilisha kila yakitoa povu, mpaka lisitokee tena. Inaweza kuchukua zamu kadhaa. Viungio vyeusi vishughulikie kwa brashi ngumu na maji yenye sabuni kidogo, kipande kimoja kila zamu, ukinyonya yale maji machafu kwa tambara kabla hayajarudi kwenye vitundu. Povu likishakoma, rudisha sabuni kwa kipimo cha chupa, jikoni tu kwanza, uangalie vyumba vingine kama vinaihitaji.