Chaguomsingi haijazi NULL

Wiki hii, hapa Kampala, nimeletewa tena jedwali la mikopo la chama cha akiba pamoja na malalamiko yale yale: safuwima ya sarafu ina chaguomsingi (thamani inayowekwa pale usipotoa yako) 'UGX', yaani shilingi ya Uganda, inaonekana wazi katika information_schema.columns, katalogi ya safuwima ambayo hifadhidata yenyewe huitunza, na bado zipo safumlalo zenye NULL, yaani zisizo na thamani, kwa hiyo hifadhidata imeharibika. Haijaharibika hata kidogo. Chaguomsingi hutumika pale tu ambapo INSERT, amri ya kuingiza safumlalo, haikuitaja safuwima, au imeandika neno DEFAULT. Programu inayoitaja na kuipa NULL imekwisha kutoa jibu lake, na hifadhidata italipokea isipokuwa pawepo NOT NULL, sharti linalokataza NULL, ya kulikataa. Hifadhidata ya Oracle ina DEFAULT ON NULL, inayoweka chaguomsingi mahali pa NULL, tangu toleo la 12c, lakini hata hiyo sharti iandikwe waziwazi.

Kuitafuta chaguomsingi ni kazi ya dakika moja. Katika hifadhidata za PostgreSQL na MySQL soma column_default, katika Oracle data_default, na katika SQL Server sys.default_constraints, kwa kuwa huko chaguomsingi ni kizuizi chenye jina lake, ambacho lazima kiondolewe kabla ya kuifuta safuwima.

Kinachonikera ni jinsi watu wanavyolisoma jibu tupu. Katika MySQL, column_default yenye NULL yaweza kumaanisha kwamba kifungu cha DEFAULT hakipo, au kwamba mtu aliandika DEFAULT NULL, na safuwima hiyo peke yake haikutofautishii hali hizo mbili. Itazame pia is_nullable, inayoonyesha kama safuwima inaruhusu NULL. Katika PostgreSQL, aina ya safuwima ikiwa ni domeni, yaani aina ya data unayojitungia juu ya aina iliyopo, chaguomsingi yaweza kukaa kwenye domeni yenyewe, hivyo column_default ikawa tupu ilhali kila safumlalo mpya inapata thamani. Itafute domain_default katika information_schema.domains. Usisahau triga, msimbo unaojiendesha safumlalo inapoandikwa, ambayo yaweza kuibadilisha thamani bila katalogi ya safuwima kuitaja. Tena, kubadilisha chaguomsingi hakugusi safumlalo zilizokwisha kuandikwa.

Kuhusu jedwali lile, ninasita kusema kwamba sarafu ilistahili chaguomsingi tangu mwanzo. Mkopo wa dola 500 ukiingizwa bila sarafu utasomeka kuwa shilingi 500, na hakuna atakayeonywa, ilhali NULL angalau huonekana. Nimependekeza NOT NULL bila chaguomsingi, ingawa programu zao mbili za zamani zitakataliwa hadi zirekebishwe.